Mfuko mmoja wa damu hugawanywa vipi, na kila sehemu humfaa mgonjwa yupi?

Akinyi_Nyalenda (Kisumu) anauliza:

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda. Familia ninazozitembelea hutumwa na hospitali kutafuta watu wa kuchangia damu, kisha hurudi na maswali ambayo ningependa kuyajibu kwa uhakika, si kwa kubahatisha.

Linaloleta ugomvi zaidi ni hili: ndugu watatu wametoa damu, mgonjwa wao anawekewa mfuko mmoja tu, tena mdogo, na wanaambiwa ni chembe nyekundu peke yake. Mara moja watu wanaanza kusema damu yao imeuzwa. Nawezaje kuwaeleza damu iliyotolewa ilienda wapi, na kwa nini inagawanywa badala ya kuwekwa nzima jinsi ilivyotoka mkononi?

Pia wananiuliza kwa nini mgonjwa aliyeishiwa damu asiongezewe maji ya dripu tu hadi ijae, na kama ni kweli kwamba bitiruti, soda nyeusi na juisi nyekundu zinaongeza damu. Kila sehemu ya damu inafanya kazi gani hasa, na ikipungua mtu huonekanaje? Msinionee huruma, nipeni takwimu.

Maabara_Ziwani (Kisumu):

Dada Akinyi, tuanze na kiasi. Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 70 ana karibu lita 5. Mtoto wa kilo 10 ana kama mililita 800 tu. Damu ambayo kwa mtu mzima ni kidogo, kwa mtoto ni robo ya yote aliyo nayo.

Damu iliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda na kuachwa wima hujitenga kama maziwa yaliyolala. Chini kabisa kunabaki chembe nyekundu, asilimia 40 hadi 45. Juu hukaa plazma, maji ya rangi ya manjano, kama asilimia 55. Katikati kuna utando wa kijivu usiofika asilimia 1, na humo ndimo zilimo chembe nyeupe na chembe sahani, zile mnazosikia zikiitwa platileti.

Mchangiaji hutoa mililita 450. Mfuko anaotolea huwa umeunganishwa kwa mirija na mifuko mingine mitupu, na ndani una sitreti, ambayo hukamata kalisi ya damu. Bila kalisi damu haigandi. Mfuko ukifika maabara huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, tabaka zikatengana, kisha plazma husukumwa ndani ya mfuko wa pili bila kufungua chochote kwa hewa ya nje. Mrija hufungwa kwa joto na kukatwa. Kutoka painti moja tunapata mfuko wa chembe nyekundu wa takriban mililita 250 hadi 300, plazma kama mililita 200, na chembe sahani mililita 50 hadi 70. Kwa hiyo mfuko ule "mdogo" haukupunjwa. Una karibu chembe nyekundu zote za mchangiaji mmoja.

Sababu ya kuzitenga ni kwamba kila moja inaharibika kwa njia yake. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6. Hudumu siku 35, au 42 zikiongezewa maji maalumu ya lishe. Zikigandishwa hupasuka, na hemoglobini (protini nyekundu inayobeba oksijeni) iliyomwagika huumiza figo za atakayewekewa. Plazma ni kinyume: hugandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, nayo hukaa hata mwaka mzima. Chembe sahani hazitaki jokofu wala friza. Hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24, kwenye kitanda kinachozitikisa polepole usiku na mchana, kwa siku 5 tu. Zikipozwa hubadilika umbo, na ini la mgonjwa huziondoa mara zinapoingia. Zikiachwa bila kutikiswa hukosa hewa, tindikali hupanda na zinakufa. Na kwa kuwa joto hilo linapendwa na bakteria, hatuthubutu kuzidisha siku.

Kuna jambo ambalo hata wahudumu wengi hulisahau. Damu iliyokusanywa Siaya au Busia ikawekwa kwenye barafu papo hapo haiwezi tena kutoa chembe sahani. Ili zipatikane, lazima ije bila kupozwa na itenganishwe ndani ya saa chache, kwa kawaida zisizozidi 8. Ndiyo maana chembe sahani hukosekana hata wakati mifuko ya chembe nyekundu ipo.

Sasa shutuma za kuuza. Damu ya ndugu haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa wao. Hupelekwa kituo cha kanda (Kisumu na Nakuru zote zina vituo vya taifa), hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende, kisha hupimwa kundi. Kati ya ndugu watatu, mmoja anaweza kuwa na kundi lisilomfaa mgonjwa, mwingine damu yake ikakataliwa kwa majibu ya vipimo, na majibu hayo ni siri yake. Mgonjwa huwekewa mfuko ulio tayari na unaooana naye, na ya ndugu hujaza pengo kwa mgonjwa mwingine. Waambie hivyo waziwazi. Waambie pia kwamba damu yenyewe haiuzwi, na yeyote anayewadai pesa ili "kuitoa" damu anapaswa kuripotiwa kwa uongozi wa hospitali.

Mwalimu_Bungoma:

Kuhusu kujaza dripu. Gramu moja ya hemoglobini hubeba kama mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye hemoglobini ya 15 (gramu 15 kwa kila mililita 100) hubeba takriban mililita 200 za oksijeni katika kila lita ya damu. Ikishuka hadi 5, hubeba 67 tu. Plazma peke yake, bila chembe nyekundu, hubeba mililita 3. Dripu ya chumvi ni maji, hata zaidi ya plazma kwa umaskini. Inajaza mishipa na kupandisha msukumo wa damu kwa muda, na kwa aliyevuja damu nyingi ghafla hilo linaokoa maisha huku damu ikitafutwa, lakini haibebi hewa. Ikizidi, inazimua chembe na vigandishaji vilivyobaki.

Ndiyo maana mtoto mwenye hemoglobini ya 4 anahema kwa kasi na moyo unamdunda hata akiwa amelala. Damu kidogo yenye hewa inazungushwa mara nyingi zaidi ili mwili upate mgao wake. Ukimwona akiguna au pua zikitanuka kila anapovuta pumzi, moyo umekaribia kushindwa.

Chembe nyekundu moja ni bapa, imebonyea katikati pande zote mbili, upana wake kama maikroni 7 hadi 8, na haina kiini. Nafasi yote imeachiwa hemoglobini. Huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huivunja na kurudisha madini ya chuma kwenye uboho wa mifupa, ambako nyingine hutengenezwa kwa amri ya homoni kutoka kwenye figo. Mgonjwa wa figo za kudumu hupungukiwa damu kwa sababu amri hiyo haitoki, hata akila vizuri namna gani.

Sista_Kakamega:

Niongeze upande wa wodini, hasa kwa akina mama wanaojifungua, maana huku ndiko kutofautisha sehemu za damu kunakookoa au kuua.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hapotezi chembe nyekundu peke yake. Anapoteza plazma yenye fibrinojeni na vigandishaji vingine, pamoja na chembe sahani. Ukimrudishia chembe nyekundu mfuko baada ya mfuko, hemoglobini itapanda kwenye karatasi huku damu ikizidi kuwa nyepesi na kukataa kuganda. Fibrinojeni ndiyo hushuka mapema. Mjamzito anayekaribia kujifungua huwa nayo nyingi, mara nyingi gramu 4 hadi 6 kwa lita, na ikishuka chini ya 2 hali ni mbaya. Kwa mama huyu damu nzima ni nzuri ikiwapo. Isipokuwapo, chembe nyekundu ziandamane na plazma. Dawa ya asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa, hupewa mapema na isipite saa 3 tangu kujifungua. Haigandishi damu yenyewe, inazuia mwili kuyeyusha donge lililokwisha kujengwa.

Palipo zahanati bila vipimo vya kuganda, kuna kipimo cha kitandani. Chukua mililita 2 za damu ya vena, tia kwenye mrija mdogo wa kioo, safi na mkavu, usio na dawa. Shika ndani ya kiganja kilichofumbwa ili upate joto la mwili. Baada ya dakika 4 uinamishe taratibu uone kama donge limeanza, kisha rudia kila dakika. Ikipita dakika 7 bila kuganda, au donge ni laini na linavunjika kirahisi, mama ana tatizo la kuganda kwa damu. Mpeleke rufaa sasa. Mrija uwe wa kioo kweli. Plastiki haiamshi vigandishaji jinsi kioo kinavyofanya, na utamhukumu mtu mzima wa afya kuwa mgonjwa. Mrija uliooshwa kwa sabuni na kubaki na utelezi nao hudanganya.

Plazma ya friza huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37, kamwe si kwenye maji ya chai. Ikiyeyushwa kwa maji moto kupita kiasi, protini zake huiva na hutakuwa umempa mgonjwa chochote.

Kuhusu kuweka chembe nyekundu: mfuko ukishatoka jokofuni uanze ndani ya dakika 30 na uishe ndani ya saa 4. Mrija wake una kichujio cha maikroni 170 hadi 200. Usitumie mrija wa dripu ya kawaida. Kwenye mrija huo usichanganye kitu ila maji ya chumvi ya kawaida. Ya sukari huvimbisha na kuvunja chembe, na yale ya Ringer yana kalisi, ambayo huishinda sitreti na kugandisha damu ndani ya mrija. Kabla ya kuanza, wauguzi wawili wasome jina, namba na kundi kwenye mfuko na kwa mgonjwa, mgonjwa ajitaje mwenyewe kama anaweza. Makosa mabaya mengi huanzia kwenye jina wala si kwenye maabara.

Dakika 15 za mwanzo usiondoke. Baridi ya ghafla, homa, kifua kubana, maumivu ya kiuno au mkojo mwekundu: funga mara moja, badilisha mrija wote, weka maji ya chumvi, kisha rudisha mfuko maabara pamoja na damu mpya ya mgonjwa. Familia zinaruhusiwa kuita muuguzi zikiona dalili hizi. Tafadhali wafundishe hilo, dada.

Maabara_Ziwani:

Sista amegusia plazma, nami niongeze onyo la makundi. Kwa chembe nyekundu, O humpa kila kundi. Kwa plazma mambo hugeuka: plazma ya O ina kingamwili dhidi ya A na B, kwa hiyo inamfaa mwenye O tu, na ya AB ndiyo hufaa wote. Mchangiaji wa O anayeambiwa "wewe ni wa watu wote" aelewe kwamba ni chembe zake nyekundu tu zinazosemwa. Sheria za makundi haya zilianza kufahamika kwa kazi ya Karl Landsteiner kuanzia mwaka 1900, na kabla ya hapo kumwekea mtu damu ilikuwa bahati nasibu.

Lishe_Nakuru:

Bitiruti. Rangi yake haitokani na chuma. Ni rangi ya mmea tu, inapita mwilini hadi kwenye mkojo. Ina foliki, na foliki husaidia uboho kugawanya seli, lakini chuma chake ni haba. Soda na juisi za rangi nyekundu ni sukari. Inaniumiza kuona mama mjamzito akitumia pesa ya omena kununua chupa ya sharubati.

Mwenye upungufu wa chuma alishwe maini, nyama na omena, ambavyo chuma chake hufyonzwa kwa urahisi. Managu, mchicha, kunde na maharagwe vina chuma pia, ila hufyonzwa kidogo, kwa hiyo viandamane na kitu chenye vitamini C: nyanya mbichi, chungwa, ndimu. Chai ya majani au kahawa iliyonywewa na chakula hufunga chuma hicho. Isogezwe mbali, angalau saa moja baada ya kula. Odowa nayo: mjamzito anayetamani kula udongo mara nyingi tayari amepungukiwa chuma, na udongo wenyewe unaweza kumzuia asifyonze kile kidogo anachokula. Usimkaripie, mpeleke apimwe.

Chakula pekee hakimwinui aliyekwisha kushuka sana. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 cha feraisi salfeti kina miligramu 65 za chuma halisi. Hemoglobini ikiwa inaitikia hupanda takriban gramu 2 katika wiki 3 hadi 4, na vidonge huendelea kwa miezi 3 hivi baada ya kufika kawaida ili ghala la mwili lijae. Wengi huacha wanapoona choo cheusi wakidhani wanavuja damu tumboni. Choo cheusi cha vidonge vya chuma ni cha kawaida. Cha kuogopwa ni cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali.

Ila msigawe chuma ovyo. Mtoto mwenye selimundu, na huku kwetu Magharibi na ukanda wa ziwa wako wengi, hapungukiwi damu kwa kukosa chuma. Chembe zake huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Akiwa amewekewa damu mara nyingi, kila mfuko umemwachia miligramu 200 hadi 250 za chuma ambazo mwili hauna njia ya kuzitoa, nazo hujikusanya kwenye ini na moyo. Huyo hupewa foliki kila siku. Chuma apewe ikiwa tu kipimo kimeonyesha anakihitaji.

Na miguu kuvimba si lazima iwe "damu kugeuka maji" kama wanavyosema mitaani. Plazma ina albumini, protini inayotengenezwa na ini, ambayo huyazuia maji yasitoke kwenye mishipa. Mtoto wa kwashiako, mgonjwa wa ini na anayepoteza protini kwenye mkojo wote albumini hushuka, maji yakatorokea kwenye nyama.

Akinyi_Nyalenda:

Nawashukuru sana. Niongeze moja. Mama mmoja ameniletea karatasi ya mtoto wa miaka 6 aliyemaliza dawa za malaria: hemoglobini 8.1, MCV 66, chembe nyeupe 6.2, eosinofili (aina ya chembe nyeupe) asilimia 14, chembe sahani 64. Mtoto anacheza na anakula. Jirani amemwambia 64 ni kifo, atafute chembe sahani Kisumu nzima.

Maabara_Ziwani:

Asitafute. Hiyo 64 ni 64,000 kwa kila mikrolita. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000, lakini malaria huzishusha kwa watu wengi mno: wengu uliovimba huzifungia ndani, nyingine hutumika haraka. Vimelea vikiisha hupanda zenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Bila kuvuja damu, kwa kawaida huziwekei kabla hazijashuka chini ya 10,000.

Waulize pia damu ilivyochukuliwa. Mrija wa kifuniko cha zambarau una EDTA, dawa ya kuzuia kuganda, na lazima ujazwe hadi mstari, kisha ugeuzwe juu chini taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Ukicheleweshwa, au mtoto akichomwa mara nyingi na damu ikatoka kwa kudondoka, donge dogo la damu huganda ndani na chembe sahani hunaswa humo. Mashine itasoma chache ambazo si chache. Dawa ni kuangalia mrija kwa kijiti kama una donge, kutazama slaidi kwa hadubini, na kupima upya.

Mimi kinachonivuta macho ni MCV ya 66. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa chembe nyekundu moja, na kwa umri huo ingetakiwa iwe 75 au zaidi. Malaria peke yake haifanyi chembe kuwa ndogo. Hapa kuna upungufu wa chuma, au talasemia ya alfa ambayo ni ya kawaida kanda hii, au vyote. Ukiunganisha na eosinofili asilimia 14 ya chembe nyeupe 6,200, hiyo ni takriban 870 kwa mikrolita ambapo kikomo ni kama 500, minyoo inabisha hodi. Safura hufyonza damu utumbuni kila siku, na kichocho cha tumbo kiko tele kwa watoto wanaochezea maji ya ziwa. Kwa kichocho, slaidi moja ya choo haitoshi. Ipimwe ya siku tofauti, maana mayai hayatoki kwa usawa. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na albendazoli inayogawiwa shuleni haikigusi.

Hemoglobini 8.1 kwa mtoto anayecheza haitaki damu ya mfuko. Apimwe selimundu kama hajawahi kupimwa, atibiwe minyoo, na chuma kianzwe sasa malaria ikiwa imeisha. Asipewe aspirini wala ibuprofeni hadi chembe sahani zirudi; homa ikija, parasetamoli. Arudie hemogramu (kipimo hiki cha kuhesabu chembe za damu) baada ya siku 7 hadi 10. Akitoka madoa madogo mekundu yasiyofifia ukiyabonyeza, fizi au pua zikivuja bila kukoma, choo kikawa cheusi cha kunata, au akawa mlegevu wa kulala tu, asingoje siku hizo, aende usiku huohuo.